Vipande Sita vya Mji wa Milembe

Kwandu alifungua picha ya kwanza, ya pili na ya tatu, zote zikatulia kwenye skrini bila tatizo. Alipoongeza ya nne, programu ilisita kama mtu aliyesahau alichotumwa, kisha ikajifunga yenyewe. Pakabaki kisanduku kidogo cha kijivu chenye maneno ya Kiingereza. Kwandu aliyasoma taratibu akiyafuata kwa kidole. Yalisema kwamba kadi ya grafiki ya kompyuta yake haiendani na programu ile.

"Haiendani vipi?" aliiuliza skrini. "Si mmeishi pamoja tangu mwaka jana?"

Kadi yenyewe ni kile kifaa kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili kuibebea mzigo wa picha. Kwandu aliinunua Mwanza, kwa muuza vifaa vilivyotumika, ikiwa ndani ya boksi jekundu linalong'aa. Tangu siku hiyo alikuwa ametengeneza picha za pasipoti, kadi za harusi na ratiba za mazishi pasipo kikwazo chochote. Studio yake haikuwa kubwa, chumba kimoja tu mtaa wa nyuma ya stendi ya Bariadi, chenye pazia la bluu upande mmoja na kompyuta upande mwingine, lakini watu walimwamini. Aliwahi kuzunguka minadani kwa miaka tisa akiwapiga picha wafugaji pamoja na ng'ombe wao wapendwa, na mfugaji wa Meatu hakubali picha ambayo pembe za ng'ombe wake zimekatwa. Huko ndiko Kwandu alikojifunza kwamba picha ina mipaka, na kwamba mwenye picha haitambui mipaka hiyo.

Safari hii mwenye picha alikuwa Milembe, bibi mmoja wa kijiji cha Mwandoya. Bibi huyu alikuwa na presha ya macho. Daktari alikuwa amewaeleza watoto wake kwamba uoni wake unanywea kutoka pembeni kuelekea katikati, na kwamba dawa inaweza kuuchelewesha ugonjwa lakini haiwezi kurudisha kilichokwisha kupotea. Siku hiyo hiyo bibi alitoa agizo. Watoto, wajukuu, vitukuu na wakwe wote waitwe nyumbani baada ya pamba kuuzwa, wapigwe picha moja, kubwa, ambayo ataiangalia mpaka jicho lake lifunge duka.

Walikuja wengi hata Kwandu, akiwa amesimama juu ya tela la trekta, hakuweza kuwaingiza wote katika kamera. Akawapanga kwa nyumba, kila mtoto wa bibi na kizazi chake, katika mstari uliopinda kama mwezi mchanga. Akawapiga kipande kwa kipande kutoka kushoto kwenda kulia, vipande sita. Kisha akamwambia bibi kwamba kompyuta itaviunganisha viwe kitu kimoja.

"Na kama haitaweza?" bibi aliuliza.

"Itaweza, mayu," Kwandu alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

Sasa kompyuta ilikuwa imekataa, na Kwandu alikuwa ametoa neno lake mbele ya ukoo mzima.

Mtu wa kwanza kumkimbilia alikuwa Cyprian, fundi simu na kompyuta mwenye meza yake hatua chache kutoka studio. Cyprian alikuja na bisibisi mfukoni na soda mkononi. Alisoma kile kisanduku mara moja tu.

"Draiva hiyo, mama studio."

"Draiva ndiyo nini?"

"Ni programu ya kuitafsiria kompyuta maneno ya kadi. Programu yako ya picha imejisasisha juzi, si ndiyo? Sasa inaongea lugha mpya, kadi bado iko na ya zamani. Tunashusha draiva mpya, mambo yanaisha."

Maelezo yalikuwa mazuri, tena yalieleweka. Programu kweli ilikuwa imejisasisha Ijumaa, baada ya Kwandu kuiunganisha na intaneti ya simu. Wakashusha draiva hiyo muda wa chakula cha mchana wote. Ilipokamilika, skrini iligeuka pana na nene, sura za watu zikavimba kama waliong'atwa na nyuki.

"Hii ndiyo lugha mpya?" Kwandu aliuliza.

Cyprian alikuna kichwa. "Labda ni mpya kupita kiasi. Tutafute ya katikati."

Waliitafuta ya katikati, wakaipata. Sura zikarudi hali yake. Kwandu akafungua picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaweka ya nne. Programu ikajifunga.

"Basi ni programu," Cyprian alisema.

"Asubuhi ilikuwa draiva."

"Asubuhi nilikuwa sijaiona vizuri."

Jumanne wakaiondoa programu na kuiweka upya. Jumatano wakairudisha ile ya zamani, iliyokuwapo kabla ya Ijumaa, na hiyo nayo ikajifunga kwenye picha ya nne, jambo lililomchanganya Kwandu kuliko yote. Kama kosa ni la upya, mbona hata uzee umekosea? Alikaa mbele ya skrini, mikono mapajani, akijihisi kama mwanafunzi aliyekariri jibu na sasa amebadilishiwa swali.

Siku hiyo hiyo Harieth alipita studio akitoka shuleni, vumbi la chaki likiwa bado kwenye mkono wa gauni. Harieth alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Bariadi, na ndiye mjukuu aliyepewa kazi ya kufuatilia picha.

"Mwangaluka, dada Kwandu. Au niseme mwadila, maana saa tisa hii," alisema, akiihamisha salamu ya Kisukuma kutoka asubuhi kwenda mchana.

"Vyovyote, mwalimu. Mhola?"

"Mhola kidogo." Harieth aliketi kwenye kiti cha wateja. "Wamenipigia simu nyumbani. Jana bibi alipapasa akitafuta kijiko kilichokuwa pembeni ya sahani yake. Hakukiona. Mpaka alipogeuza kichwa chote ndipo akasema, kumbe kipo."

"Mwalimu, nikuombe kitu. Nimpe vipande sita, kila kimoja fremu yake. Vinapendeza. Nitavipanga ukutani kwa mfuatano."

"Nilimwambia hivyo, nikijua utasema. Alinijibu, vipande sita ni miji sita, kaya zilizotengana. Anataka mji mmoja."

"Kompyuta imegoma."

"Imegoma kwa sababu gani?"

"Kila siku ina sababu yake."

Harieth aliondoka bila kulaumu, na kule kutolaumu kulimwelemea Kwandu kuliko lawama. Akachukua simu, akaanza kutafuta mtandaoni watu waliopatwa na tatizo kama lake. Aliwakuta wengi, kutoka nchi asizozijua. Mmoja aliandika kwamba alizima kadi katika mipangilio akapona. Wa pili akasema kamwe usiizime, ongeza nguvu ya umeme. Wa tatu alifuta faili fulani, na chini yake mtu mwingine alikuwa amelalamika kwamba alifuta faili hilohilo na kompyuta haijawaka tena. Wa nne alieleza tatizo lilelile kwa ukamilifu, neno kwa neno, hata Kwandu akasogea karibu na skrini kwa furaha, kisha yule mtu akamalizia kwa kuandika, "Nimeshatatua, asanteni," bila kusema ametatuaje. Kwandu alimfikiria mtu huyo kwa muda mrefu. Hakumtakia mabaya, lakini hakumtakia mema pia.

Alhamisi asubuhi aliingia mteja wa picha za pasipoti. Jina lake Damas, mtumishi aliyehamishiwa Bariadi kutoka Moshi, kitengo cha kompyuta katika ofisi moja ya serikali. Alikaa mbele ya pazia la bluu, akanyoosha shingo, akapigwa picha. Wakati Kwandu akizipunguza picha zake, Damas aliona vile visanduku vya kijivu vilivyorundikana pembeni ya skrini.

"Hivyo unavifuga, dada?"

"Vinazaana vyenyewe."

Damas alicheka, akavuta kiti. Kwandu akamsimulia yote, tangu tela la trekta mpaka draiva ya katikati. Damas alisikiliza, kisha akainama nyuma ya kompyuta kuangalia waya wa skrini ulikochomekwa. Akauhamisha kutoka tundu moja kwenda jingine, akaurudisha. Hakuna kilichobadilika. Wakati huo Cyprian alikuwa ameshafika, maana taarifa kwamba mtu mwingine anaigusa ile kompyuta ilimfikia upesi.

"Draiva tumeshaangalia, bosi," Cyprian alisema akiwa mlangoni.

"Najua. Umefanya vizuri." Damas alimgeukia Kwandu. "Dada, ulisema inajifunga ukiweka ya nne. Ni ile picha ya nne yenyewe, au ni picha yoyote ikiwa ya nne?"

Kwa siku nne hakuna aliyemuuliza Kwandu hivyo, wala yeye hakuwahi kujiuliza. Akafungua picha ya sita, ya tano na ya nne. Zikakubali. Akaongeza ya kwanza. Programu ikajifunga.

"Basi haichukii picha yoyote," Damas alisema. "Inachukia uzito. Kadi hii ina kumbukumbu kiasi gani?"

"Giga nne. Imeandikwa kwenye boksi."

"Na kompyuta nayo inasema nne?"

Cyprian alithibitisha. "Inasema nne. Niliona kwa macho yangu."

Damas alitoa flashi mfukoni, akafungua programu ndogo ambayo, kwa maelezo yake, haiulizi kadi jina lake bali inaipima yenyewe, chumba kwa chumba. Mistari ilianza kujaa kwenye skrini. Mmoja ukawa kijani. Ya baada yake ikawa myekundu, yote, mpaka chini.

"Ni giga moja," alisema.

"Tatu zimekufa?" Kwandu aliuliza.

"Hazijafa. Hazikuwahi kuwapo. Hii ni kadi ya zamani sana. Mtu aliichukua, akaiandika upya ndani ili ijitambulishe kama kadi mpya. Ukiiuliza, inataja jina la kupewa. Kompyuta inaamini, programu inaamini, wote wanaitwika mzigo wa nne. Ikifika moja, inaanguka."

Cyprian alikuja mpaka kwenye skrini, akaitazama ile mistari. "Kumbe siku zote nilikuwa namtafutia draiva mtu wa jina bandia."

"Ndiyo maana kila draiva ilikuwa na kasoro yake. Ulikuwa unamvisha nguo za mtu mwingine."

Kwandu alijaribu kuelewa, na alipoelewa aliona aibu iliyopanda mpaka masikioni. Yeye alikuwa binti wa mfugaji. Mnadani hakuna anayenunua ng'ombe kwa kuambiwa umri wake. Unamfumbua mdomo, unaangalia meno, na muuzaji akikuzuia unajua la kufanya. Lakini mbele ya boksi jekundu alikuwa amesahau malezi yake yote, akasoma maandishi, akalipa, akapanda basi.

"Nikinunua nyingine," alisema polepole, "itachukua muda gani kuipata ya kweli?"

"Kuagiza, kuipima, wiki mbili hivi. Bibi anaona mpaka lini?"

"Hakuna anayejua."

Damas aliomba bisibisi ya Cyprian. "Tuichomoe. Ndani ya hii kompyuta kuna uwezo mdogo wa picha uliokuja nayo tangu kiwandani. Tuiambie programu isitegemee kadi kabisa, ifanye kazi kwa kichwa cha kompyuta yenyewe."

"Kaka Damas," Kwandu alisema, "kompyuta yenye kadi imeshindwa. Isiyo na kadi ndiyo iweze?"

"Itachelewa sana. Lakini haitajidanganya. Ikijua ina uwezo mdogo, itabeba kidogo, itatua, itarudia."

Kwandu hakuamini, lakini hakuwa na jingine la kuamini. Kadi ikachomolewa. Ilikuwa na feni nzuri ya rangi ya fedha, na Cyprian alisema angalau feni ni ya kweli. Waya wa skrini ukahamia tundu la kompyuta yenyewe. Katika mipangilio ya programu Damas aliondoa tiki moja tu, tiki ndogo isiyozidi punje ya mtama, na Kwandu alishangaa kwamba katika siku zote hizo mkono wake ulipita karibu nayo bila kuigusa.

Waliunganisha kipande cha kwanza na cha pili. Mstari wa kuonyesha maendeleo ulitambaa kama kinyonga. Damas alilazimika kurudi ofisini na Cyprian alirudi mezani kwake, naye Kwandu akabaki akiwahudumia wateja kwa picha za simu, akiogopa hata kukigusa kipanya cha kompyuta. Saa nane vipande viwili vikawa kimoja. Akaongeza cha tatu. Alipofika cha nne alisimama, akajifuta mikono kwenye kitenge, akabonyeza na kutazama pembeni. Alipogeuka, programu ilikuwa bado wazi. Mpaka Ijumaa alasiri vyote sita vilikuwa mstari mmoja mrefu, mji mzima wa Milembe uliopinda kama mwezi, bila mshono.

Kwa nini imewezekana, Kwandu hakuweza kumweleza mtu yeyote kwa ufasaha. Alirudia maneno ya Damas kichwani na kila mara yalimponyoka sehemu ileile. Akaamua kumwita Harieth waikague.

"Tuhakikishe hakuna aliyepotea kwenye maungio," alimwambia. "Walikuwa wangapi?"

Harieth alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo la adabu. "Kwetu watu hawahesabiwi, dada. Wanatajwa."

"Basi wataje."

Harieth akawataja, nyumba kwa nyumba, kuanzia kwa mtoto wa kwanza wa bibi. Kila jina alilolitaja alilitafutia sura, akaigusa kwa kalamu, akaendelea. Ilichukua karibu saa nzima. Wote walikuwapo, hata kichanga kilichofichwa ndani ya kanga, ambacho kilijulikana kwa unyayo mmoja. Faili likatumwa Mwanza kuchapwa, na Jumanne iliyofuata turubai la picha lilirudi kwa basi, limeviringishwa kama jamvi, urefu wake ukizidi kitanda.

Kwandu na Harieth waliipeleka picha Mwandoya siku hiyohiyo. Bibi Milembe alikuwa ameketi uani, kisogo kwa jua, akichambua choroko kwa vidole bila kuziangalia. Nyumba ilikuwa imebaki na wachache tu. Wengine walikuwa wamesharudi walikotoka.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, mwanangu. Umechelewa. Nilidhani kompyuta imekula watu wangu."

"Ilitaka kuwala, mayu. Imewatapika."

Bibi alicheka bila sauti. Harieth na Kwandu wakalikunjua turubai, kila mmoja akishika ncha yake, wakalinyoosha mbele yake. Walimsubiri aseme kitu. Bibi alitazama mbele moja kwa moja, uso ukiwa umetulia, kisha akakunja paji.

"Naona kifua cha mtu," alisema. "Shati la mistari."

Ndipo Kwandu alipofahamu maana ya maneno ya daktari. Jicho la bibi lilikuwa limebakiwa na tundu tu la katikati, kama mtu anayechungulia kwa shingo ya chupa, na mbele ya tundu hilo picha kubwa ilikuwa kubwa bure. Siku nne za draiva, siku mbili za kuunganisha, kumbe bibi angeona kipande kwa kipande tu, vidogo kuliko hata vile sita vya mwanzo. Hakujua acheke au aombe radhi.

"Mayu, nisamehe. Nilidhani ukubwa ndio utakusaidia."

"Nani amekulaumu? Sogezeni karibu. Sasa ivutieni upande huu, taratibu, kama mnavuta kamba ya ndama."

Wakaanza kulipitisha turubai mbele ya uso wake, Harieth akiviringisha na Kwandu akilegeza. Bibi aliweka kidole juu ya picha, kikawa kinateleza kadiri ilivyosogea, naye akawa anataja majina. Kila sura iliyoingia kwenye tundu la jicho lake ilipewa jina, na baadhi walipewa na maneno ya ziada. Huyu amenenepa. Huyu mke wake ndiye aliyemchagulia hiyo suruali. Kidole hakikukwama popote.

"Hapajakatika," alisema katikati ya safari. "Mmeunganisha kweli."

Waliendelea. Nyumba ya tatu ikapita, ikaingia ya nne. Ghafla bibi akainua mkono, wakasimama.

"Huyu ni Salvatory."

"Ndiye, bibi," Harieth alisema.

"Salvatory nimeshamwona kule nyuma. Nyumba ya tatu, kwa baba yake, amevaa kofia. Hapa yuko kwa baba yake mdogo, amevua kofia."

Kwandu aliinama, akaangalia. Ilikuwa kweli. Kati ya kipande kimoja na kingine yule kijana alikuwa amehama, akaenda kusimama na binamu zake, na kamera ilimkuta kote kuwili. Harieth alikuwa amemtaja, akampata, akaendelea, maana anayetaja hutafuta aliyepungua, wala hawezi kumwona aliyezidi. Kwandu alianza kupiga hesabu ya kumfuta, ya kuchapa upya, ya wiki nyingine, ya kijiko kingine kisichoonekana.

"Mayu, hilo ni kosa langu. Naenda kulirekebisha."

"Unamtoa yupi?"

Kwandu alimtazama Harieth, naye Harieth alitazama chini.

"Salvatory yuko machimboni Geita," bibi alisema. "Mwaka huu ndiyo mara ya kwanza kumwona tangu tumzike babu yake. Alilala hapa usiku mmoja, asubuhi nilipoamka akawa ameshaondoka. Kila nikimtafuta hayupo. Leo nimempata mara mbili, na wewe unataka kumpunguza." Alirudisha kidole juu ya picha, palepale alipokuwa ameishia. "Mwache. Vuteni, tunaelekea kwa nani sasa?"